Mashine Inamtaka Bwambale

Hitilafu ile ile aliyoiua kwenye zahanati ya Karambi Jumatatu, Yayeri aliikuta kwenye ya Munkunyu Jumanne, imekaa raha mustarehe kama mgeni aliyeandaliwa kitanda. Programu ilikuwa ikiwaongezea mwezi mmoja wa umri watu wote waliozaliwa Februari. Kuirekebisha kulichukua dakika nne. Kuifikia kulichukua saa mbili za bodaboda, mvua moja, na mahubiri ya mwenye bodaboda kuhusu wanawake wanaobeba kompyuta badala ya jembe.

"Na Maliba?" mumewe alimuuliza jioni hiyo nyumbani Bwera, akimtazama anavyovua viatu vya matope mlangoni bila kuinama.

"Maliba kesho."

"Bugonjwa ni ileile?"

"Ile ile."

"Vraiment, kweli, Mama Yvette, weye si mutu wa kompyuta. Weye ni muganga wa kuzunguka. Nikununulie kengele?"

Katembo, mumewe, alikuwa na ruhusa ya kutania. Utani ndiyo biashara pekee iliyokuwa ikimwendea vizuri. Kibanda chake cha vitenge pale Mpondwe kilifunguliwa kila asubuhi, na kila asubuhi wateja wa kutoka ng'ambo ya mpaka walipita, wakashika kitambaa, wakasifu rangi, wakauliza hali ya mama yake, wakaenda zao. Nyumba ilikuwa inakula kwa mkono wa Yayeri, na mkono wenyewe ulikuwa umechoka.

Mambo yalianza kwa wema. Zahanati ya kwanza, ya Bwera, ilimwomba programu ya kuandikisha wagonjwa, akaitengeneza. Karambi wakaipenda, ila walitaka kadi ziwe na msalaba juu. Akanakili ya Bwera, akaongeza msalaba. Munkunyu walitaka dawa zihesabiwe kwa vidonge, si kwa makopo. Akanakili ya Karambi, akabadilisha. Maliba nao wakataka lao. Baada ya miaka mitatu alikuwa na programu nne zilizofanana kama watoto wa mama mmoja walioacha kusemezana: kila moja ilihitaji kutibiwa peke yake, nyumbani kwake, kwa nauli yake.

Ndiyo maana kwa miezi saba alikuwa akijenga kitu kingine, alichokiita Shina. Wenye kazi hiyo mijini wana majina marefu ya kukielezea, lakini wazo lenyewe ni la jikoni. Yale ambayo zahanati zote hufanya sawa, unayaweka mahali pamoja, mara moja, na hayaguswi ovyo. Yale yanayotofautiana, msalaba na vidonge na makopo, unayaachia nafasi, kila zahanati ijaze ya kwake. Ukirekebisha Shina, matawi yote yanapona siku hiyo hiyo, na wewe umekaa kwako na miguu yako mikavu.

Umoja mmoja wa zahanati za makanisa ulikuwa umesikia habari za Shina. Zahanati ishirini na mbili. Alhamisi wangelijaribu Kasese kwa wagonjwa wa kweli, na likifaulu wangetia saini ya miaka mitatu.

"Hiyo shina yako," aliuliza Mama Wivine, mama yake Katembo, huku akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, "itatulisha lini?"

"Alhamisi, Mama."

"Basi mwambie ikuje na chumvi. Yetu imeisha."

Katika Shina lote, kitu kimoja Yayeri alikipenda kuliko vyote, na alikuwa amekiweka chini kabisa, mahali ambapo kila kitu kingine kinakanyaga. Kilikuwa hesabu ya majina. Taabu ya kila zahanati ya milima hii ni moja: kwenye daftari kuna akina Masereka arobaini, na nusu yao mama zao ni akina Biira. Lakini kwetu jina linakuja na nafasi yake. Mwana wa kwanza wa kiume ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Ng'ambo ya mpaka wanasema Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Foleni ni ile ile. Kwa hiyo ukimjua mama na ukalijua jina, unamjua mtu. Yayeri aliijenga namba ya kila mgonjwa hivyo: namba ya mama, kisha nafasi ya mtoto. Kadi, chanjo, dawa, ripoti, vyote vikaning'inia kwenye namba hiyo. Hakuna Masereka angechanganywa na Masereka mwingine.

Wageni hakuwasahau. Mtoto wa Hasifa, wa Ninsiima, wa Lokwang, ambao kwao majina hayapangi foleni, aliwaachia nafasi yao: wapewe namba kwa siku waliyokuja. Aliwafikiria wageni wote waliowahi kukanyaga Kasese. Waliomponyoka walikuwa wenyeji.

*

Yosamu, katibu wa Umoja, alikuwa ameacha jeshi miaka kumi na mitano, lakini jeshi halikuwa limemwacha. Watu wote walimwita afande, hata padri.

"Wewe ndio fundi?" alimuuliza Yayeri Alhamisi hiyo, kwenye baraza la zahanati ya Kasese.

"Ndiyo, afande."

"Mwanamke?"

"Tangu zamani, afande."

Benchi la wagonjwa lilicheka. Yosamu hakucheka, ila alisogeza kiti. "Onyesha. Hapana hotuba."

Kwenye kompyuta alikaa karani, Barbara, msichana mpole wa upande wa Masaka. Miaka miwili Kasese, na Lhukonzo, lugha ya wenyeji, kwake ilikuwa bado haijavuka salamu, kwa hiyo wagonjwa aliwahoji kwa Kiswahili. Yayeri alikuwa amemfundisha asubuhi hiyo kwa nusu saa: soma kinachoandikwa, uliza inachouliza, usiruke.

Wagonjwa wa kwanza walipita kama maji. Hasifa mmoja mwenye mtoto anayeumwa sikio: sekunde ishirini, kadi hii hapa. Mzee mmoja wa mgongo, mgeni naye: kumi na nane. Yosamu alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi, na uso wake ulikuwa unaanza kulegea.

Kisha akaja mama mmoja wa Maliba, Teopista, na mtoto mchanga mwenye homa. Mwanawe wa kwanza, Baluku, alikuwa tayari kwenye mashine. Taarifa za Maliba Yayeri alizihamisha mwenyewe Jumatano.

"Jina la mtoto?"

"Masereka."

Skrini ikatoa herufi nyekundu, na Barbara akazisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Masereka ni wa tatu. Baluku yupo. Bwambale hajaandikwa. Mwandike kwanza." Akainua macho. "Nnyabo," alimwita mama kwa heshima ya kwao, "Bwambale yuko wapi?"

"Hayuko."

"Hayuko hapa, nimeona. Nyumbani?"

"Andika huyu tu. Huyu iko na homa."

"Mashine inakataa, nnyabo. Inamtaka Bwambale. Haiwezi kuruka mutu."

Mwanamume mmoja nyuma ya mstari alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. "Mama, sema haraka, na sisi tunaumwa."

Teopista alimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile. "Iko nyumbani," alisema.

"Umri?"

"Tatu." Kisha akaongeza, "Tatu na miezi mbili."

"Kilo?"

Mkono wake mtupu uliinuka kidogo, kama wa mtu anayemnyanyua mtoto kumpima. "Kumi na tatu."

"Chanjo ya surua, ya pili?"

"Hiyo hakupata."

Barbara akabonyeza, na mashine ikafurahi. Ilitoa kadi mbili, moja ya Masereka, nyingine ya Bwambale, na ya Bwambale ilikuwa na mstari mweusi: AMECHELEWA CHANJO. ALETWE JUMATATU.

Yosamu alipiga makofi, mara mbili, ya kijeshi. "Umeona? Imemfichua! Mama anaficha mtoto, mashine inamtoa mafichoni!" Benchi nalo likapiga makofi, kwa kuwa anayepiga alikuwa afande.

Yayeri alikuwa amejua. Alijua pale Teopista aliposema miezi miwili, kwa sauti ya mtu anayehesabu kila asubuhi. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye kile kiti, na alikuwa amefunga mdomo, kwa sababu saa ya Yosamu ilikuwa inahesabu na nyumbani chumvi ilikuwa imeisha.

*

Alimkuta Teopista nyuma, kwenye dirisha la dawa. Hapo walizungumza kwa lugha ya nyumbani.

"Dada. Huyo Bwambale alifariki lini?"

Teopista hakushtuka. "Mwaka jana, kabla ya mvua. Homa ya siku mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa benchi?" Alipokea chupa ya dawa, akaitikisa, akaiangalia kwenye mwanga. "Yule msichana aliuliza yuko wapi. Hakuuliza kama yupo."

"Kosa si lake. Mashine ni yangu mimi."

"Basi mashine yako ina mdomo." Hakusema kwa hasira; hasira ingehitaji nguvu. "Na Jumatatu? Sisi kule mtoto akikosa chanjo, mhudumu wa kijiji anakuja mpaka mlangoni kumuulizia. Baba yake ameanza kupata usingizi juzi juzi tu."

"Hatakuja. Nitamtoa Bwambale sasa hivi."

"Na huyu atabaki Masereka?"

"Atabaki," alijibu Yayeri, haraka, kama fundi ambaye hajafungua mashine.

Alipoifungua aliona. Alimtoa Bwambale, na papo hapo Masereka akageuka mwekundu: wa tatu hawezi kufuata wa kwanza. Alijaribu kumfanya Masereka kuwa wa pili. Mashine ikataka aitwe Bwambale. Alijaribu kumpa namba ya wageni. Baluku akabaki mtoto wa mama mmoja na Masereka wa mama mwingine, na dawa ya homa iliyotolewa dakika kumi zilizopita ikawa haina mgonjwa. Mwishowe aliifuta familia nzima, akamwomba Barbara lile daftari kuukuu la karatasi, akawaandika kwa kalamu. Baluku. Masereka. Daftari halikuuliza kitu.

*

"Saini hapa, hapa na hapa," alisema Yosamu ofisini kwake. "Mhuri niko nayo."

Yayeri hakushika kalamu. Alimweleza yote, pamoja na Bwambale.

Yosamu alisikiliza akiwa ameegemea nyuma. "Pole kwa yule mama," alisema, na alimaanisha. "Lakini hiyo ni kitu kidogo. Weka kitufe ya marehemu. Karani anabonyeza, mashine inapita. Dakika ngapi?"

"Kumi, afande."

"Basi?"

"Basi karani atamuuliza mama, mbele ya mstari, mwanao alikufa lini na alikufa na nini. Kabla hajamtibu huyu mwenye homa. Kila asubuhi, zahanati ishirini na mbili. Na hata hiyo hesabu, afande, wewe unajua: kuna nyumba zinazomhesabu aliyekufa kabla ya kupewa jina, na kuna zisizomhesabu. Kila bibi ana sheria yake. Mimi nilichukua sheria ya nyumba moja nikaipanda chini ya zote."

"Najua. Mimi si mtu wa kuja." Alikuna kidevu. "Sasa sikiliza na mimi. Mwaka juzi tuligawa neti. Kijiji kimoja kilikuja na watoto wengi kuliko kuku. Hii kitu yako inashika waongo. Ndiyo sababu bodi inaipenda. Ukiitoa, unaniuzia nini? Daftari yenye umeme?"

"Nipe miezi mitatu niitoe kwenye Shina vizuri. Haitoki kama jino, afande. Kila kitu kimesimama juu yake. Na mkianza kuitumia ikiwa humo, kila siku inazidi kuota."

"Jumatatu," alisema Yosamu. "Saa tano kuna kampuni ya Kampala inakuja na ya kwao. Wewe kuja saa nne na kitufe, mkataba ni wako. Hapana kitufe, hapana mkataba. Nimemaliza."

*

Katembo alikuwa amenunua nyama. Nusu kilo, imefungwa kwenye karatasi, imewekwa katikati ya meza ili mtu akiingia aione kabla hajaona kitu kingine. Yayeri aliiona, akakaa, na akawaeleza kabla nguvu hazijamwisha.

"Dakika kumi," alisema Katembo. "Afande anakuomba dakika kumi, na weye unamuomba miezi tatu. Ni nani alikufundisha biashara? Miye?"

"Baba Yvette, ikishaingia zahanati ishirini na mbili, haitatoka tena. Nitakuwa nimekufa na bado inauliza."

"Na tukikufa mbele yake? Itatuuliza pia?"

Mama Wivine alikuwa kwenye mkeka wake, anapepeta unga wa muhogo wa kusongea bundu. "Yayeri, binti yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo kitu ulipoijaribu huku nyumbani, haikukuuliza?"

Yayeri alitazama meza. Swali hilo alikuwa amelibeba kutoka Kasese, akitumaini hakuna atakayemsaidia kulitua. "Haikuuliza, Mama, kwa sababu niliipa watu waliotimia. Niliwatumia wa kwako. Ulivyonitajia majina ya upande wenu, niliyaingiza hivyo hivyo. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo."

"Bote batano?"

"Wote. Wazima. Wana kadi."

Ungo ulisimama. Watu wa nyumba hiyo hawakuwa na desturi ya kuwataja wale wanne waliomtangulia Katembo. Walibaki barabara ya Beni, ng'ambo ya mpaka, siku ile ya kukimbia vita, na Katembo, aliyekuwa na miaka kumi na moja, ndiye aliyefika.

"Na sindano?" Mama Wivine aliuliza. "Uliwachoma?"

"Chanjo zote, Mama. Nilikuwa najaribu."

"Kambale naye?"

"Mara tisa."

Bibi alianza kucheka. "Kambale! Kambale aliruka dirisha ya dispansere akiona tu koti nyeupe! Mara tisa! Bamemupata wapi?" Alicheka peke yake, muda mrefu, mpaka sombe ikashika chini ya sufuria na ikabidi Yayeri ainuke kuiepua.

Katembo hakucheka. "Bale balisha kufa," alisema. "Bakufa kitambo. Miye ndiye niko na njaa. Jumatatu tunaenda wote, na ukikosa kalamu nitakukopesha yangu."

Ijumaa Yayeri aliweka kitufe. Kilimchukua dakika tisa. Jumamosi na Jumapili hakuifungua kompyuta kabisa. Alifua nguo, akafua hata zilizo safi. Hakuwa amekubali moyoni. Alikuwa amechoka kiasi ambacho kukataa kulionekana kazi nyingine tena, na hiyo haikuwa na nauli.

*

Jumatatu saa nne kasorobo walikuwa Kasese. Yosamu alikuwa amewaita watu watatu wa bodi, wamekaa ukutani na suti zao, nao wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi kama kawaida. Karatasi za mkataba zilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Kitufe iko?"

"Kipo, afande."

"Tuione ikifanya kazi. Sitaki kusumbua wagonjwa." Yosamu akamwangalia Katembo, aliyekuwa amevaa shati lake la misa. "Wewe ni bwana ya fundi? Jina?"

"Katembo, afande."

"Wa tano! Safi kabisa. Kaa hapo. Tunaanza na wewe."

Yayeri alifungua mdomo, lakini Katembo alikuwa ameshakaa na anawakonyeza wa bodi. "Mutanipatia panadoli ya bure?" Benchi likacheka.

"Jina la mama, ssebo?" Barbara aliuliza, kwa heshima ile ile ya kwao.

"Wivine. Mubaya kwa kupika, lakini ndiye tuko naye."

Herufi nyekundu. "Paluku hajaandikwa. Paluku yuko wapi?"

"Paluku alitutangulia." Bado alikuwa anatabasamu.

Barbara akatafuta kitufe kipya, akakipata, akabonyeza. Wa bodi wakanyoosha shingo. "Mwaka gani, ssebo?" Akautaja. "Sababu? Kuna malaria, kuhara, ajali, uzazi, nyingine."

"Nyingine."

"Kambale yuko wapi?"

"Naye."

"Mwaka?"

"Ileile."

"Sababu?"

"Nyingine, dada."

"Inakwenda," mmoja wa bodi alimnong'oneza mwenzake. "Inakwenda vizuri."

"Kasereka yuko wapi?"

Tabasamu la Katembo lilikuwa bado lipo usoni, ila yeye mwenyewe hakuwa nalo tena. Lilikuwa limesahaulika pale kama kofia. "Andika tu bote," alisema. "Siku ilikuwa moja. Andika bote, usiniulize."

"Pole, ssebo. Inauliza mmoja mmoja." Barbara alikuwa ameanza kusoma kwa sauti ndogo, lakini baraza lilikuwa limenyamaza, na sauti ndogo ilifika mpaka benchi la mwisho. Akabonyeza mwaka ule ule. Akabonyeza nyingine. Akasita, akamtazama Yayeri, kisha akasoma kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

"Kakule yuko wapi?"

Katembo aliangalia mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akaangalia kiganja.

"Alikuwa ananishika mukono," alisema.

Hapakuwa na kitufe cha hilo. Barbara aliondoa vidole kwenye kompyuta, akaviweka mapajani.

"Bonyeza nyingine," alisema Yosamu.

Hakuna aliyebonyeza. Katembo alisimama, akashika ukingo wa meza. "Mama Yvette," alisema. "Zima."

Yayeri hakuzima tu. Alisogea mbele ya Barbara, akalitoa Shina lote kwenye mashine ya zahanati, hatua kwa hatua, na kila hatua mashine ikamuuliza kama ana hakika, na kila mara akasema ndiyo. Ilichukua muda. Wa bodi walimtazama mtu anayefuta kazi ya miezi saba mbele yao, na mmoja aliona haya, akaangalia dari.

"Mkataba iko hapa," alisema Yosamu. Sauti yake haikuwa na amri. "Fundi. Sikia. Hawa wa Kampala ya kwao haijui hata Baluku ni nani."

"Ndiyo uzuri wake, afande. Miezi mitatu."

"Hapana miezi."

"Basi, afande."

Alichukua kompyuta yake, akaiweka kwenye begi. Mlangoni walipishana na vijana wawili wa suti waliokuwa wanauliza ofisi ya katibu. Katembo aliwaonyesha kwa kidole, kwa adabu.

Walitembea kuelekea stendi. Jua lilikuwa limepanda, na lami ilikuwa inatoa joto. Mwanamke mmoja alikuwa anachoma gonja, zile ndizi kubwa, kando ya njia. Katembo alinunua moja, akaivunja, akampa Yayeri nusu kubwa, akafikiria, akabadilisha.

"Miezi tatu?" aliuliza.

"Labda minne. Nitaanza na zile zahanati nne za zamani, polepole."

"Na tutakula nini?"

"Sijui, Baba Yvette."

"Usifikiri njaa imeisha. Bado niko nayo."

"Najua."

Walikula. Gonja ilikuwa ya moto kupita kiasi na wote wawili walijifanya haiwaunguzi. Walipofika stendi, teksi ya Bwera ilikuwa na abiria mmoja tu, maana yake wangesubiri. Katembo aliegemea mlango wa gari, akajipangusa vidole kwenye shati la misa.

"Sasa hiyo shina mupya," alisema. "Nikikaa kwa kile kiti, itaniuliza nini?"

Yayeri alikuwa amelifikiria hilo tangu pale mezani, alipokuwa anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. "Jina lako," alisema. "Na unaumwa wapi."

Katembo alitafuna, akameza.

"Hiyo nitaweza kujibu," alisema.